Jinsi ya kuisikiliza The Blues and the Abstract Truth ya Oliver Nelson mpaka uisikie yote

Wengi huifungua albamu hii, wakaupenda wimbo wa kwanza, Stolen Moments, wakaishia hapo. Walichosikia ni tarumbeta na filimbi. Kilichoipa ukubwa wake kimelala chini zaidi: mtu mmoja aliwapangia wapulizaji wanne wakasikika kama bendi nzima, na akaichukua bluzi ya kawaida akaikunja na kuirefusha bila kuivunja. Yote mawili yanasikika kwa sikio la mtu asiyesoma noti. Yanachotaka ni vifaa vinavyofaa, kuhesabu kidogo, na uvumilivu wa kurudia wimbo mmoja mara tano.

Aliyekulia kwenye Morogoro Jazz, Western Jazz au OK Jazz aanze kwa kulitenga neno jazi. Jina ni lile lile, muziki ni mwingine. Katika dansi letu magitaa hubeba wimbo, mwimbaji husimulia kisa chake, halafu sebene hufunguka. Kwenye jazi hii ya Marekani hakuna mwimbaji wala sebene. Melodi hupigwa mwanzoni, kisha kila mpigaji hupewa zamu ya kutunga solo papo hapo juu ya mpangilio ule ule wa kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja kwenye kinanda au gitaa, si kodi za nyumba), halafu melodi hurudi na wimbo hufungwa. Ukikaa kungoja wimbo "uchanganye" utaona umedanganywa. Ngoja zamu, si mchanganyo.

Aliyeitengeneza na waliopiga

Oliver Nelson alizaliwa St. Louis, Missouri, mwaka 1932. Alianza na piano akiwa mtoto, akahamia saksafoni, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa katika bendi kubwa ya Louis Jordan. Alisomea muziki chuoni, akahamia New York mwaka 1958, akaanza kurekodi kwa jina lake mwaka uliofuata. Alifariki Los Angeles mwaka 1975 akiwa na miaka 43. Alikuwa mpulizaji, mtunzi na mpangaji wa muziki kwa pamoja, na huyo wa tatu ndiye wa kumtafuta hapa. Mpangaji ndiye anayeamua noti ipi aipige nani, nani akae juu, nani akae chini, na nani anyamaze.

Albamu ilirekodiwa siku moja, tarehe 23 Februari 1961, katika studio ya Rudy Van Gelder huko Englewood Cliffs, New Jersey. Ilitolewa na kampuni ya rekodi ya Impulse! kwa namba A-5, na msimamizi alikuwa Creed Taylor. Wapigaji ni saba. Nelson anapiga saksafoni ya teno na ya alto, Eric Dolphy anapiga alto na filimbi, George Barrow anapiga baritoni, na Freddie Hubbard anapiga tarumbeta. Nyuma yao wako Bill Evans kwenye piano, Paul Chambers kwenye besi kubwa ya mbao, na Roy Haynes kwenye dramu.

Lishike jina la Barrow. Hana solo hata moja katika albamu nzima, na ndiyo maana watu humsahau, lakini mtoe yeye na jengo lote linabaki bila msingi.

Vifaa kwanza

Kosa la kwanza hutokea kabla ya noti ya kwanza: watu huisikiliza kwa spika ya simu. Saksafoni ya baritoni hushuka mpaka karibu na 70 Hz (mitetemo 70 kwa sekunde), na uzi mnene wa besi hufika kama 41 Hz. Spika ndogo ya simu hupoteza nguvu nyingi chini ya 300 Hz hivi. Kwa hiyo Barrow anageuka kivuli, Chambers anakuwa mgongano hafifu wa mbao, na unabaki na tarumbeta inayoimba peke yake. Unaanza kujiuliza sifa zote zile zilitoka wapi.

Tumia earphone za waya za kawaida, au spika mbili zilizotengana kama mita mbili, nawe ukae katikati yake. Spika moja ya Bluetooth hufaa kwa mara ya kwanza tu, kwa sababu hukusanya pande mbili za sauti mahali pamoja na wapulizaji hupandana. Zima kitufe cha kuongeza besi. Besi ya mbao iliyoongezwa hivyo huvimba na kuufunika mpaka wa noti na noti, nawe utauhitaji mpaka huo ukianza kuhesabu.

Ndani ya programu ya muziki zima mambo mawili: uchezaji wa kuchanganya nyimbo na ule mpangilio unaofifisha mwisho wa wimbo juu ya mwanzo wa unaofuata. Albamu ina nyimbo sita na dakika 36 na ushei, na mpangilio wake ulifikiriwa. Upande wa kwanza una nyimbo tatu ambazo umbo la bluzi limechezewa zaidi, na upande wa pili una tatu zilizo karibu na bluzi yenyewe.

Kuhusu bando: kwa ubora wa 96 kbps albamu nzima ni kama MB 26, na kwa 320 kbps ni kama MB 88. Pakua mara moja kwa ubora wa juu, halafu rudia bila intaneti utakavyo. Ubora wa chini huharibu kwanza sahani za dramu, na Haynes husema mengi kwenye sahani.

Ukitafuta kwa jina la mtu, angalia usipotee. Kuna mtayarishaji wa muziki wa kielektroniki wa Sweden anayeitwa pia Oliver Nelson, na programu za muziki huwachanganya hao wawili. Tafuta kwa jina la albamu, na uhakikishe nyimbo ni hizi: Stolen Moments, Hoe-Down, Cascades, Yearnin', Butch and Butch, Teenie's Blues. Ukiona wimbo unaoitwa Blues and the Abstract Truth ndani ya orodha, umeingia albamu nyingine. Wimbo wenye jina hilo haumo katika albamu hii. Umo katika More Blues and the Abstract Truth ya 1964, ambayo ina wapigaji wengine na Nelson mwenyewe hapulizi.

Kuhesabu kwa pingili

Huhitaji nadharia ya muziki, ila uweze kuhesabu vipimo. Kipimo kimoja ni mapigo manne: moja, mbili, tatu, nne. Bluzi ya kawaida ina vipimo 12, navyo vimegawanyika katika mistari mitatu ya vipimo vinne vinne.

Vidole vyako tayari vina ramani hiyo. Vidole vinne bila gumba, kila kimoja kina pingili tatu, jumla 12. Hesabu kwa gumba kama mtu anayeleta tasbihi, lakini usishuke kidole kimoja kimoja. Pita kwa upana. Pingili za juu za vidole vinne ndizo mstari wa kwanza, za katikati mstari wa pili, za chini mstari wa tatu. Kila kipimo kikimalizika, gumba linasogea pingili moja. Ukimaliza pingili ya mwisho umemaliza mzunguko mmoja, na muziki wenyewe utakuambia kwamba umerudi nyumbani.

Ili usipoteze mapigo, mfuate Chambers. Besi inapotembea hupiga noti moja kwa kila pigo, nne kwa kila kipimo. Usimfuate mpiga solo. Hubbard na hasa Dolphy huanzisha sentensi mwishoni mwa mzunguko mmoja na kuimalizia ndani ya mwingine, makusudi, na anayehesabu kwa kuwafuata wao hupotea ndani ya sekunde 20. Ukipotea, usirudishe wimbo nyuma. Acha kuhesabu, msubiri Chambers arudi chini kwenye noti ya nyumbani, uanze tena hapo.

Tatizo jingine hutokea kwenye nyimbo za kasi, ambapo mguu hupiga kwa nusu ya mwendo na hesabu hutoka nusu. Ukipata vipimo 16 mahali pa 32, usidhani ramani ni mbovu. Punguza sauti, sikiliza besi peke yake, uhesabu noti zake.

Stolen Moments, mara tano

Wimbo huu una dakika 8 na sekunde 46 hivi, na ndio unaostahili muda wako mwingi.

Mara ya kwanza usifanye chochote. Usihesabu, usisome, acha upite.

Mara ya pili hesabu melodi ya mwanzo tu. Hapa ndipo Nelson alipoweka mtego wake. Sikio linasema ni bluzi, hali ni ya bluzi, lakini gumba likifika pingili ya 12 melodi bado haijaisha. Melodi ina vipimo 16, navyo havikukatwa vinne vinne. Vimekatwa vinane, kisha sita, kisha viwili. Vile vinane vya kwanza ndivyo vinavyosogea polepole, wapulizaji wote wakitembea pamoja kama watu waliobeba kitu kizito wasitake kukiangusha. Vile sita vinafuata, na viwili vya mwisho vinafunga mlango. Hesabu mpaka uzisikie sehemu hizo tatu bila vidole.

Mara ya tatu rudia melodi hiyo hiyo, dakika mbili za kwanza tu, mara nne au tano mfululizo, na kila mara fuata chombo kimoja. Anza na tarumbeta, kwa kuwa iko juu na ni rahisi. Kisha jilazimishe kuisahau, ushuke mpaka chini kabisa umtafute Barrow. Baritoni ina sauti nene yenye ukali kidogo pembeni, kama mzee anayeongea kwa chini chumba cha pili. Ukishampata, sikia anavyowabeba wengine. Halafu sikiliza katikati, pale saksafoni mbili zinapojaza nafasi kati ya tarumbeta na baritoni. Hiyo katikati ndiyo kazi ya mpangaji. Mtunzi hukupa melodi unayoweza kuipigia mluzi. Mpangaji huamua kwamba melodi hiyo ivae koti zito au shati jepesi. Nelson alikuwa na wapulizaji wanne tu, akawaweka karibu karibu, na sikio linahesabu sita au saba.

Mara ya nne hesabu solo. Melodi ikiisha, ramani inabadilika: solo zote zinakwenda juu ya bluzi ya kawaida ya vipimo 12 katika C maina (minor, yaani yenye sauti ya huzuni kidogo). Sasa pingili zako zinatosha. Mpangilio wa zamu ni tarumbeta ya Hubbard, filimbi ya Dolphy, teno ya Nelson, piano ya Evans. Hesabu ni mizunguko mingapi kila mmoja amepewa, na uandike kwenye karatasi. Kazi hiyo ndogo hukaa kichwani kuliko kusoma kurasa kumi za maelezo.

Mara ya tano kaa na solo ya Nelson peke yake. Hubbard anang'aa, Dolphy anaruka kama ndege aliyeona nyoka, na baada yao Nelson anaingia bila haraka. Anachukua umbo dogo la noti chache, analisema, analihamisha juu, analisema tena kwa kuligeuza kidogo, na pole pole unagundua kwamba anatunga na kupanga hata anapopuliza bila kuandikiwa. Wapo wanaosema ni solo iliyopoa mno. Tunaona kinyume: ndiyo solo iliyojengwa vizuri kuliko zote katika wimbo huu, na mtu akikuimbia kipande cha solo kutoka hapa, uwezekano mkubwa ni cha Nelson. Evans anayefuata hupiga kodi chache na kuacha nafasi kubwa. Usiione nafasi hiyo kama upungufu. Bila hiyo melodi ingerudi na kukuta chumba kimejaa.

Kuna zoezi la sita kwa atakayependa. Nelson alikuwa ameshaurekodisha wimbo huu miezi mitano kabla, Septemba 1960, kwa jina The Stolen Moment, katika albamu ya Eddie "Lockjaw" Davis iitwayo Trane Whistle. Pale ni bendi kubwa. Weka matoleo hayo mawili moja baada ya jingine. Melodi ni ile ile, wapulizaji ni wengi zaidi, na bado lile la watu saba ndilo linalobaki na uzito. Nani angedhani kupunguza watu kungeongeza kina? Ukilisikia hilo kwa masikio yako umeelewa nusu ya ufundi wa kupanga muziki.

Nyimbo nyingine tano

Hoe-Down ni ya kasi, na jina lake ni la ngoma za mashambani za Marekani. Melodi yote imekuzwa kutoka noti mbili za mwanzo, kwa namna ya kuita na kuitikiwa. Yeyote aliyewahi kusikia mghani na waitikiaji harusini atalitambua umbo hilo mara moja. Melodi ina vipimo 44, hesabu isiyo ya kawaida, lakini solo zina 32, yaani mafungu manne ya vipimo vinane. Kwa vidole, fungu moja ni mistari miwili ya pingili. Ukihesabu 44 ndani ya solo utachanganyikiwa bure.

Cascades ndiyo ngumu kuliko zote kwa anayehesabu, na ndiyo yenye raha ukishaiweza. Umbo la kawaida la nyimbo za Marekani ni mafungu manne ya vipimo vinane, la kwanza, la pili na la nne yakifanana na la tatu likienda mahali pengine. Nelson aliacha fungu la tatu na vipimo vyake vinane, na penye mafungu yanayofanana akaweka bluzi ya maina ya vipimo 16. Jumla: 16, 16, 8, 16, yaani 56. Usijaribu kuhesabu mpaka 56 kwa mkupuo. Msikilize Hubbard, usubiri pale ambapo hewa hubadilika ghafla kwa muda mfupi. Hilo ndilo lile fungu la nane. Ukishalipata, mengine yanajipanga yenyewe. Melodi inatiririka kwa noti za haraka, kila chombo kikishuka juu ya kingine, na hapa ndipo uimara wa wapulizaji unapoonekana. Noti kama hizi zikipigwa na watu wasioelewana hugeuka matope.

Yearnin' inafunguliwa na Evans kwa utulivu kabla wapulizaji hawajaingia. Tumia mwanzo huo kurudisha pingili zako kwenye 12. Butch and Butch ni fupi na ya haraka. Isikilize kwa raha, haihitaji kufunguliwa sana.

Teenie's Blues inaanza na Chambers peke yake kwa mizunguko miwili ya vipimo 12, yaani 24. Ni mtihani wako wa mwisho, maana hapo hakuna wa kumfuata ila yeye. Kisha zinakuja alto mbili, ya Dolphy na ya Nelson, na watu wengi hushindwa kuwatofautisha. Dolphy huruka kutoka noti ya chini hadi ya juu sana bila daraja, sauti yake ina makali, na sentensi zake hufanana na mtu anayezungumza kwa hisia. Nelson hukaa kwenye mistari inayofuatana, kwa sauti laini zaidi. Ukikosea mara ya kwanza rudia. Ukiwapata hapa hutawakosea tena katika albamu yoyote.

Ukishaimaliza, uende wapi

Usiende kwanza kwenye More Blues. Jina linavuta, lakini ni albamu ya hali nyingine. Nelson amesimama mbele akiongoza, wapulizaji wakiwa Thad Jones, Phil Woods na Pepper Adams, na Ben Webster akiingia kwenye nyimbo mbili. Ni kazi safi, ila ukiisikiliza ukitafuta hali ya Stolen Moments utaihukumu bila haki.

Nenda kwenye Straight Ahead, iliyorekodiwa tarehe 1 Machi 1961, siku sita baadaye, katika studio ile ile. Ni watano: Nelson, Dolphy, Richard Wyands kwenye piano, George Duvivier kwenye besi, na Haynes tena. Baritoni hakuna, tarumbeta hakuna, kwa hiyo unasikia wapulizaji wawili waliokutana uso kwa uso. Kisha rudi nyuma mwaka mmoja kwenye Screamin' the Blues ya Mei 1960, ambamo Richard Williams anaongeza tarumbeta. Albamu hizi tatu, kwa mpangilio huo, zinakupa Nelson na Dolphy katika ubora wao.

Baada ya hapo mtafute mpangaji wa bendi kubwa. Afro/American Sketches ya mwaka huo huo wa 1961 ni utunzi mmoja wenye sehemu saba kuhusu safari ya watu weusi wa Marekani, kutoka Afrika mpaka kudai uhuru. Msomaji wa Kiswahili aiweke kando ya Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa Novemba 1960 kwa mpangilio wa Melba Liston. Hubbard yumo humo pia, na mwanzoni utamsikia Tuntemeke Sanga wa Tanganyika akisema kwa Kiswahili. Ni mwaka ambao wanamuziki wa New York walikuwa wakiitazama Afrika kwa macho yaliyo wazi, na lugha yetu ikawa ndani ya studio.

Kwa kazi alizowapangia wengine, chagua mbili tu uanze nazo: The Dynamic Duo ya Jimmy Smith na Wes Montgomery, na Alfie ya Sonny Rollins, zote za 1966. Sound Pieces, ya mwaka huo huo, ni ya kumsikia akipuliza soprano. Zile za miaka ya 1970 ziache kwanza. Alikuwa Los Angeles akiandikia filamu na televisheni, ukiwemo muziki wa The Six Million Dollar Man, na muda wa kupuliza ulikuwa mdogo.

Ukitaka kupiga mwenyewe

Solo za Stolen Moments ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mwenye chombo, kwa sababu mwendo hauna haraka. Kwenye kinanda, gitaa au filimbi uko C maina. Teno na tarumbeta husoma D maina. Alto na baritoni husoma A maina. Kosa la kawaida la bendi za wanafunzi ni kila mtu kupiga C iliyoandikwa kwenye chombo chake. Matokeo yake ni kelele, na lawama humwendea mtu wa besi asiye na kosa.

Anza na noti sita tu za bluzi: C, E flati, F, G flati, G, B flati. Kwa teno na tarumbeta ni D, F, G, A flati, A, C. Kwa alto ni A, C, D, E flati, E, G. Msindikizaji apige C maina vipimo vinne, F maina viwili, C maina viwili, halafu vipimo viwili vya kurudi nyumbani kupitia G saba, na C maina viwili. Kodi halisi za rekodi zina mapambo zaidi, lakini mifupa ni hiyo.

Sasa fanya kama Nelson. Chagua umbo la noti tatu au nne, lipige kipimo cha kwanza, nyamaza kipimo cha pili, lirudie kipimo cha tatu likiwa limesogea noti moja juu, nyamaza tena. Wanaoanza hujaza kila kipimo kwa hofu ya ukimya, na solo zao zinafanana zote. Nelson aliandika kitabu cha mazoezi ya namna hii mwaka 1966, Patterns for Saxophone, ambacho sasa kinauzwa kwa jina Patterns for Improvisation. Usikipige kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Chukua umbo moja, lipige taratibu kwa metronomu katika funguo zote 12, na usigeuze ukurasa mpaka uweze kuliimba bila chombo.

Ukinunua sahani ya santuri

Toleo la mwanzo la Impulse! lina jalada linalofunguka mara mbili na ubavu wa rangi ya chungwa na nyeusi. Namba ni A-5 kwa mono na AS-5 kwa stereo. Kwenye eneo laini kati ya mwisho wa mistari na lebo, tafuta alama ya Van Gelder iliyogongwa kwenye plastiki. Ikikosekana, bei ya toleo la mwanzo isilipwe. Inamisha sahani chini ya taa moja kali, si mwanga wa dirishani, uikague kwa upande. Mikwaruzo inayofuata mzunguko wa mistari ni mibaya kuliko inayokatiza, kwa sababu sindano hubaki ndani yake muda mrefu.

Omba isikilizwe mahali pawili. Kwanza mwanzo wa upande wa kwanza, maana Stolen Moments ndio wimbo ambao wenye sahani huurudia, na melodi yake ya taratibu haifichi mlio wa vumbi hata kidogo. Kisha mwisho wa upande wa pili, karibu na lebo. Huko mistari ni ya mduara mdogo, sindano iliyochakaa huumiza zaidi, na alto mbili za Teenie's Blues zitasikika zikikwaruza kama karatasi. Alto zikiwa safi hapo, nunua.